Haki ya Ghafla

Kabla ya kipindi cha mtoto anayekwama mabega, Mwalimu Ezelina Nyalusi alipanda ngazi za jengo la mafunzo akikimbia. Mtu mzima, mkuu wa idara, sketi imembana na mkoba kwapani, anakimbia ngazi kama mtoto aliyechelewa mstarini. Wanafunzi waliokutana naye walijibanza ukutani wakampisha, na hakuna aliyeuliza kulikoni. Katika Chuo cha Wakunga Igovelo kila mtu alijua kwamba mwalimu akikimbia ngazi, siku hiyo kuna kipande kitakachoombwa.

Wala hakuwa peke yake. Mwalimu wa lishe alikunywa kahawa nyeusi mpaka midomo ikamcheza. Yule wa takwimu, ambaye mpaka leo haijulikani alikuwa anashtushwa na nini huko kwenye takwimu, alijibana kidole kwenye droo kabla ya kuingia darasani. Chumba cha walimu kilikuwa na kioo kirefu ukutani, na asubuhi ungewakuta watu wazima, wenye shahada zao, wamesimama mbele yake wakifanya mazoezi ya kusema "Alaa!" Walicheka sana katika mazoezi hayo. Nadhani kile kicheko ndicho kilichowafanya wasiuone uongo wao.

Chanzo cha vituko hivyo kilikuwa Mzani, kisanduku cha kijivu kilichofungwa juu ya ubao katika kila darasa la chuo nchini. Wakati huo ukunga ulikuwa haufundishwi tena kwa picha. Mkunga bingwa alivaa glavu maalumu akafanya kazi yake, na glavu zikakariri kila alichofanya: wapi amebonyeza, wapi amesubiri, wapi amezungusha. Mwanafunzi akivaa jozi yake alishikwa na mikono ile ile, ikamwongoza, na baada ya kurudia siku chache mkono ule ulimkaa kwenye mishipa hata akivua. Watu waliuita hivyo hivyo, mkono. Ulikuwa mali ya mwenyewe sawasawa na kitabu, na chuo kilichotaka kuufundishia kilipaswa kumwomba.

Sheria iliacha upenyo mmoja kwa ajili ya walimu. Mwalimu akiwa katikati ya somo, swali likazuka au jambo likamjia, na muda wa kumtafuta mwenye mkono hakuna, basi alikuwa na haki ya ghafla: kipande kifupi, darasa moja, mara moja. Akikipenda na kutaka kukirudia mwakani, anao mwaka mzima wa kuomba. Waliotunga sheria hawakuuamini mdomo wa mtu, kwa hiyo Mzani uliuliza na kusikiliza mapigo ya moyo kupitia bangili ya mwalimu. Moyo uliotulia ulimaanisha kwamba jambo lilipangwa.

Ezelina aliingia darasani anahema. Alifundisha kidogo juu ya uchungu wa muda mrefu, akageukia dirishani, akangoja. Kwenye meza ya tatu Yustina Kihwele alinyoosha kidole. Swali alikuwa amepewa na Ezelina jana yake kwenye foleni ya chakula.

"Mwalimu, samahani. Na kama kichwa kimeshatoka, halafu mabega yakakwama?"

"Alaa!" akasema Ezelina. "Swali zuri hilo. Sikulifikiria. Mzani, naomba mkono wa Foibe Mtavangu, mabega yaliyokwama."

"Mwalimu Nyalusi," Mzani ukajibu kwa ile sauti yake ya adabu, "hitaji hili limekujia sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Bangili ilisoma moyo ambao ulikuwa bado haujamaliza kupanda ngazi. "Haki ya ghafla imekubaliwa. Kipande kimoja, darasa moja, mara moja. Ukikihitaji tena, mwombe mwenye mkono."

Wanafunzi waliifuatisha sentensi ya mwisho kwa midomo bila sauti, maana waliijua kama tangazo la redio. Wakavaa glavu zao. Kwenye kila meza kulikuwa na nyonga ya plastiki na mtoto wa mpira, kichwa nje na mabega ndani, na mikono yote ya darasa ikaanza kwenda pamoja. Ezelina alipita meza kwa meza mikono mitupu akihimiza. "Usivute. Kichwa hakivutwi, mabinti. Nisisikie mtu akivuta."

Karani wa mkuu wa chuo alichungulia mlangoni, akamwita kwa mkono. "Mwalimu, unahitajika ofisini. Umepata mgeni," akasema kwa sauti ya chini, akaangalia zile glavu. "Ni mwenyewe. Foibe Mtavangu."

*

Mkuu wa chuo, Daktari Otmari Lulandala, alikuwa mtu mwema aliyezeeshwa na bajeti. Alikuwa amesimama, jambo alilolifanya tu wageni wakimtisha. Foibe alikuwa ameketi na koti lake zito, mikono mifukoni, maana asubuhi za Igovelo hazina mzaha. Walisoma pamoja yeye na Ezelina, wakalala chumba kimoja miaka yote ya chuo, wakaazimana hadi soksi.

"Eze," akasema.

"Foi! Jamani. Ungeniambia unakuja, ningekupikia."

"Sikuja kula, shoga yangu. Kaa."

Ezelina akakaa. Foibe alieleza bila kupaza sauti. Tangu astaafu alikuwa anasaidia kupima uzito wa watoto kwenye zahanati ya bondeni, karibu na kwake. Akaletwa mtoto wa kike ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia. Haukunji kiwiko, haushiki kidole. Mama yake alisema mabega yalikwama, na kwamba mkunga alimwokoa. Alimsifia sana yule mkunga. Foibe akaenda kumtafuta, akamkuta ni binti mdogo aliyemaliza Igovelo mwaka juzi, anaitwa Anjelista Mgaya.

"Namkumbuka Anjelista," Ezelina akasema. "Mzuri sana yule."

"Nikamwambia nionyeshe ulivyofanya. Nikaweka mikono yangu juu ya yake." Foibe akatoa mikono mifukoni, akaiangalia. "Eze, nilijikuta mimi. Yule mimi wa zamani, wa siku ile ya kurekodi. Kuna mvuto mdogo kwenye mkono wa kushoto, mdogo mno, jicho haliuoni. Hakuna mtu mwingine anayeufanya vile. Niliurekodi bila kujua, na nilipokuja kugundua nikaufanya upya mkono wote. Huu ni mwaka wa sita sasa mkono mpya upo. Anayeniomba napiga naye simu, namweleza mwenyewe kosa langu lilikuwa wapi, halafu nampa. Sitozi hata senti."

Hapo Ezelina akaelewa. Haki ya ghafla haikumfikia mwenye mkono. Ilikwenda kwenye ghala la chuo na kutoa nakala iliyokuwapo, nakala ya zamani.

"Nikajiuliza huyu binti ameupata wapi," Foibe akaendelea. "Kutoka Igovelo hakuna aliyewahi kunipigia. Nilidhani umeacha kuutumia."

"Uliombwa kwa haki ya ghafla," mkuu wa chuo akaingilia. "Mzani una ushahidi. Kila ombi lilipimwa na likakubaliwa, dada Foibe. Kisheria chuo kiko safi."

"Kila ombi. Mangapi?" Foibe akamgeukia mwenzake. "Kila mwaka unashtuka, Eze?"

Ezelina alikuwa na nafasi ya kusema kweli hapo hapo. Ilikuwa wazi mbele yake, na aliiona. "Maswali ya wanafunzi hayapangwi, Foi," akasema. "Mtu akiuliza, utafanyaje?"

Foibe alimtazama mdomoni. Walikuwa wamelala chumba kimoja, na alijua Ezelina akidanganya huwa anatabasamu upande mmoja. Ezelina naye alijua kwamba anajua. Hakuwahi kutamani kutoweka chumbani kama alivyotamani dakika ile.

"Mimi sikuja na mwanasheria," Foibe akasema. "Nataka majina tu. Wote walioushika ule mkono, niwafuate mmoja mmoja niwatolee huo mvuto. Wako kazini, Eze. Leo hii wako kwenye vitanda vya watu."

Mkuu wa chuo alikaa, hatimaye. Alieleza kwa upole tatizo liko wapi. Majina unayo Mzani peke yake, na Mzani haumpi mwenye mkono majina mpaka ithibitike kwamba haki ilitumiwa vibaya. Ikithibitika hivyo kwa mwalimu mmoja, haki ya ghafla inasimamishwa kwa chuo chote. Na mikono iliyonunuliwa na Igovelo haijazi kabati moja. Nusu ya masomo yalikuwa yanaendeshwa kwa vipande vya kuomba: kuzuia damu, mtoto asiyepumua, kifafa cha mimba.

"Nikipoteza haki hiyo, nawapeleka mabinti wodini wakiwa na nadharia tupu," akasema. "Huo nao ni uhai wa watu. Tutafute njia nyingine. Tutoe tangazo la jumla, kwamba kuna toleo jipya, anayetaka aje."

"Atakuja nani?" Foibe akauliza. "Kila mmoja atadhani mkono wake ni mzima."

Mkuu wa chuo alimtazama Ezelina, na macho yake yalikuwa yanamwomba anyamaze.

*

Foibe aliomba apewe dakika kumi kwenye chumba cha mazoezi, yeye na Ezelina tu. Alifungua mkoba wake akatoa jozi mbili za glavu.

"Vaa hii. Ni ya zamani, ile mnayoitumia."

Ezelina alisita. "Umewahi kuivaa?" Foibe akauliza.

"Sijawahi."

"Unaufundisha mkono miaka yote hiyo, hujawahi kuuvaa?"

Hakuwahi, na sababu aliijua vizuri. Mwaka ule walipotafuta mkunga wa kurekodiwa, waliopelekwa majina walikuwa wawili, Foibe na yeye. Walipimwa pamoja. Wakachukua mikono ya Foibe. Yeye alipongeza, akapika wali, akacheza kwenye sherehe, kisha akarudi darasani kufundisha kwa mikono ya mwenzake. Kuuvaa mkono ule kungekuwa sawa na kukubali kushikwa na kuongozwa na mtu aliyemshinda. Kuomba ruhusa kungemaanisha kupiga simu na kusema naomba. Namba alikuwa nayo. Kila mwaka alijiambia atapiga wiki ijayo, na kila mwaka ngazi zilikuwa rahisi kuliko simu.

Akavaa. Mikono ya Foibe ikamshika kwa ndani, na jambo la kwanza alilohisi lilikuwa uzuri wake. Ilikuwa inajua. Vidole vilikwenda bila haraka hadi kwenye shingo ya mtoto wa mpira, vikapima, na hapo mkono wa kushoto ukafanya kitu kidogo. Ukavuta. Ulikuwa mvuto wa mtu aliyechoka anayetaka kazi iishe, na ulipita kabla hujaukamata.

Ezelina alisimama pale akiwa bado ameshika kichwa cha mpira. Mdomo wake ulikuwa unasema usivute darasa baada ya darasa, na glavu zilikuwa zinavuta. Angejua siku ya kwanza tu, laiti angevaa.

"Sasa vaa hii," Foibe akasema.

Mkono mpya ulianza sawa na ule wa kwanza. Ulipofika shingoni, ukaachia. Uliondoka kabisa kwenye kichwa, ukashuka nyuma, ukaingia taratibu kutafuta mkono wa mtoto ulioko upande wa mgongo wa mama, ukaukunja, ukautoa kwanza. Bega likafuata lenyewe. Ezelina alihisi mwili wa mpira ukiteleza mikononi mwake bila kulazimishwa, na machozi yakamtoka.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza, na papo hapo akajua ni swali la kijinga.

"Nikuambie vipi? Nilisubiri uniombe." Foibe alikuwa anamvua glavu, kidole baada ya kidole, kama anavyovuliwa mtoto. "Ndiyo maana nikaweka sharti kwamba lazima niombwe. Nilitaka kila anayefundisha kwa mikono yangu azungumze nami kwanza. Hiyo tu ndiyo ilikuwa bei yangu. Nilijua wewe utakuwa wa kwanza kupiga, Eze. Nikakaa na simu."

Ezelina alizipanga glavu mezani, jozi kwa jozi, macho yakiwa chini.

"Siwezi kukulazimisha," Foibe akamaliza. "Mkuu wako yuko sahihi, mtaumia. Nami nitaendelea kuwatafuta mwenyewe, zahanati kwa zahanati, kwa kuangalia watoto wenye mikono inayoning'inia. Ila hiyo ni njia mbaya sana ya kumtafuta mtu."

*

Siku iliyofuata, kipindi cha asubuhi, Ezelina alipanda ngazi akitembea. Waliokutana naye walidhani anaumwa.

Darasa lilikuwa lile lile. Glavu ziko mezani, watoto wa mpira wako tayari, maana ile mara moja ya sheria ilihesabu siku zote chache za kurudia kipande kile kile, na kila siku Mzani huuliza tena kabla ya kukifungua. Alisimama mbele yao. Alikuwa amepanga maneno ya kuanzia, ya kiungwana, yenye kueleza mazingira na ufinyu wa bajeti. Yote yalimwishia alipoziona nyuso zao.

"Mzani," akasema, "fungua ombi la jana."

"Mwalimu Nyalusi, unathibitisha kwamba hitaji hili lilikujia ghafla?"

"Hapana."

Mzani ulichelewa kujibu, kwa sababu jibu hilo lilikuwa halijawahi kusikika katika jengo lile. "Tafadhali rudia."

"Halikunijia ghafla. Nililijua jana, na mwaka jana, na mwaka juzi. Nimekuwa nikikimbia ngazi ili moyo uende mbio. Maswali nimekuwa nikiwapa wanafunzi siku moja kabla. Mwenye mkono sijawahi kumwomba hata mara moja. Na mkono niliowafundishia una kosa. Mliovaa jana, na wote waliotangulia, mmefundishwa kuvuta."

"Kauli imepokelewa," Mzani ukasema, kwa adabu ile ile. "Majina ya waliovaa kipande hiki yanapelekwa kwa mwenye mkono. Haki ya ghafla ya Chuo cha Wakunga Igovelo imesimamishwa kuanzia sasa."

Taa ndogo ya kijani kwenye glavu zote ikazimika. Yustina Kihwele alisimama, ameshika ukingo wa meza, machozi yanamlengalenga. "Mwalimu, na mimi nilijua. Lile swali. Nilijua na nikauliza."

"Kaa, mwanangu. Hilo ni langu, siyo lako."

"Lakini tulikuwa tunacheka, mwalimu. Bwenini. Tulikuwa tunaigiza unavyosema alaa."

Hilo lilimwingia kuliko yote. Kumbe kitu walichojifunza vizuri zaidi kwake kilikuwa kile.

Nje, milango ilianza kufunguliwa. Kwenye madarasa mengine vipande vilikuwa vimekatika katikati ya somo, na walimu walitokea ukumbini mmoja mmoja wakiulizana. Mwalimu wa takwimu alitoka na kidole chake kimefungwa plasta. Habari ilipita haraka kuliko maji, na wote wakageuka kumwangalia Ezelina aliyesimama mlangoni. Wengi waliinamisha vichwa, maana kila mmoja alikuwa na kioo kile cha chumba cha walimu katika mawazo yake.

Hakuinamisha Kastori Mhagama. Huyu alikuwa mwalimu mpya, kijana mwembamba anayefundisha huduma ya mtoto asiyepumua, na hakuna aliyewahi kumwona mbele ya kioo wala akikimbia ngazi. Alikuwa bado ameshika mtoto wa bandia mkononi.

"Nilikuwa nimeulizwa swali," akasema. "Swali ambalo sikulitegemea. Nimeomba kipande, wameanza tu kupuliza, kikakatika." Akamtazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nilikuwa nashtuka kweli, mwalimu."

"Najua, Kastori."

"Sasa nitawafundishaje?"

Ezelina alisema nisamehe, na neno hilo likasikika dogo mno kwenye ukumbi ule mrefu. Kastori alirudi darasani na mtoto wake wa bandia, akaufunga mlango taratibu.

*

Ezelina na Foibe waliondoka mchana, kwa gari la Foibe, wakiwa na majina. Jina la kwanza walilolifuata lilikuwa la Anjelista Mgaya. Njiani Foibe alimsogezea Ezelina leso bila kumtazama.

Anjelista alikuwa hayupo zahanati. Walielekezwa nyumbani kwa shangazi yake, nyumba ya matofali yenye bustani ya viazi nyuma. Foibe alisema atabaki kwenye gari. "Nenda wewe kwanza," akasema. "Mimi alishaniona."

Binti alikuwa jikoni anamenya viazi. Alipomwona aliyeingia alisimama haraka akajifuta mikono kwenye kanga, akapiga goti kidogo kama walivyolelewa watoto wa huko.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, Anjelista." Ezelina hakukumbuka kama aliwahi kuitikia salamu iliyo nzito hivyo. "Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu. Karibu. Hukupaswa kuja mwenyewe mpaka huku, jamani." Alimvutia kigoda, akakipangusa. Kisha, kabla hajaulizwa chochote, akaanza kueleza macho yakiwa chini. "Najua nimekiaibisha chuo. Baraza la wakunga liliniita wiki iliyopita. Sikutaka wawaulize ninyi. Niliwaambia nilifundishwa vizuri kabisa. Niliwaambia mwalimu wetu alikuwa anapita meza kwa meza anasema usivute, kichwa hakivutwi. Mimi ndiye niliyevuta. Nimerudisha sare."

Ezelina alikaa juu ya kile kigoda. Haikuandikwa popote kwamba lazima aseme chochote. Binti alishalibeba kosa, baraza lilishaamua, na barua ya Mzani ingemfikia baadaye kwa lugha ya ofisi ambayo hakuna anayeielewa. Wazo hilo lilimjia, na lilimkaa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Baadaye alikuja kulionea aibu kuliko ngazi zote alizopanda.

"Anjelista, nisikilize. Mikono yako haina kosa."

"Mwalimu, mtoto mwenyewe nimemwona."

"Ulivuta kwa sababu nilikufundisha kuvuta. Mkono niliokupa ulikuwa wa zamani, una kosa ndani yake. Mwenyewe alishausahihisha. Kilichotakiwa ni mimi kumpigia simu nimwombe. Sikupiga. Nilikuwa na kiburi. Nikaudanganya Mzani, na mwaka mzima ukapita, na mwingine, na wewe ukapewa huo."

Anjelista hakulia wala hakupaza sauti. Aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, akaiweka chini ya kanga ili isionekane. Maji ya viazi yalikuwa yanachemka motoni na hakuna aliyeyashughulikia.

"Kwa hiyo umo bado," akasema. "Ule mvuto. Umo mikononi mwangu hata sasa hivi."

"Umo. Unaweza kutolewa. Mtu anakaa na wewe, mikono juu ya mikono, mnarudia mpaka uishe. Leo hii tunaweza kuanza. Nimekuja na glavu." Ezelina akanyoosha mikono yake kuelekea kwake, viganja juu, bila hata kufikiri, kama alivyozoea kufanya darasani.

Anjelista aliitazama ile mikono. Akarudi nyuma hatua moja.

"Yule dada aliyekuja siku ile," akasema. "Dada Foibe. Yupo?"

"Yupo kwenye gari."

"Anaweza kuja yeye?" Na kwa kuwa alikuwa binti aliyelelewa vizuri, akainamisha kichwa. "Samahani, mwalimu."

Ezelina alimwambia hakuna neno. Akaacha glavu juu ya kigoda, akatoka. Foibe alipomwona alishuka tu, akampita, akaingia ndani akipandisha mikono ya koti lake. Sauti yake ilisikika jikoni ikimwambia binti, hebu tutoe hivi viazi motoni kwanza.

Ezelina alisimama kando ya gari akalia. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, barabarani, na mkoba ukamdondoka asiuokote. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni alisimama, akautua, akamwokotea mkoba.

"Pole, mama. Pole sana. Umefiwa?"

"Sijafiwa," Ezelina akasema. "Nimekosea. Nimewakosea watu."

Yule mama akamwangalia, asijue la kufanya na jibu hilo. "Basi pole hivyo hivyo," akasema, akajitwika kuni zake, akaendelea na safari.